Wanyama wa Mwitu na Miti ya Biharamulo na Ngara

Msafiri atokaye Biharamulo kwenda Ngara kwa njia ya Lusahunga na Nyakahura hupita mahali pengi penye mwitu wa miyombo, na asiyejua habari za nchi hudhani ya kuwa mwitu huo umekuwako vile vile tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Nchi hii imebadilika sura mara nyingi, na kwa muda wa miaka mia na thelathini iliyopita imebadilika upesi kuliko mkulima mmoja awezavyo kuona katika maisha yake. Pengine palipokuwa malisho pakawa kichaka. Palipokuwa kichaka pakawa kambi ya watu. Na palipokuwa kambi pamebaki visiki. Katika mabadiliko hayo yote wanyama wa mwitu walikuwamo, mara wakiwa wengi, mara wakiwa karibu kwisha. Twataka kuandika habari hizo, kwa maana siku hizi watu wabishana vijijini: wengine wasema wanyama ndio waharibifu wa nchi, afadhali wapunguzwe, wengine wasema pasipo wanyama hata miti haistawi. Wote wawili wana sehemu ya kweli, na historia yatuonyesha sehemu ya kila mmoja.

Kwanza yatupasa kufahamu kazi ya mnyama kwa mti. Mti mkubwa hauogopi swala. Lakini mti mkubwa ulikuwa mche, na mche urefu wake ni wa kidole, kisha wa mkono, nao hukaa katika hali hiyo miaka mingi. Wako wanyama walao majani ya miti na machipukizi, kama pongo, swala pala, na katika mifugo yetu mbuzi. Hao ndio walao mche. Wakiwa wengi mno mahali pamoja, miti mizee husimama pasipo watoto, na siku miti mizee ifapo, mwitu umekwisha. Wako tena walao nyasi, kama nyati, nyamera, nyumbu na ng'ombe. Hao wakiwa wengi hukanyaga miche, ni kweli, lakini hupunguza nyasi. Na nyasi zikipungua, moto wa kiangazi hukosa chakula. Tembo yuko peke yake, kwa sababu huangusha hata mti uliokwisha kukua. Nao moto twaweza kuuhesabu kuwa mlaji wa nne, tena mlaji asiye na tumbo la kushiba. Basi mtu aulizaye, «Wanyama wafaa miti au hawafai?» hajauliza vizuri. Yampasa kuuliza: wanyama gani, wangapi, na moto wachomwa na nani?

Ulaya nako wanalo shauri hili. Yule mnyama ambaye Biblia yetu humwita ayala yuko kwa wingi katika milima ya Uskoti. Zamani mbwa-mwitu walikuwa wakimla, lakini watu waliwaua mbwa-mwitu wote, na baadaye mabwana wenye ardhi wakawatunza ayala kwa ajili ya kuwinda kwa anasa. Ayala wakaongezeka, na mwitu wa asili ukabaki vipande vidogo vya miti mizee. Mwaka 1985 serikali ya Uingereza ilipata mlima mmoja uitwao Creag Meagaidh, na badala ya kuuzungushia ua wote, watunzaji wakaanza kupunguza ayala kwa bunduki mwaka baada ya mwaka. Miche iliyokuwa imejificha katika majani, ikiliwa kila mwaka isiinuke, ikainuka yenyewe pasipo kupandwa na mtu. Habari hiyo yafaa kukumbukwa, lakini haifai kuchukuliwa ilivyo na kuletwa Biharamulo. Kwetu wako chui na fisi, wako tembo, uko moto wa kila mwaka, na zaidi ya yote yuko ndorobo, mdudu ambaye Waskoti hawamjui.

Mwaka 1861 msafiri Mwingereza, Speke, alipita nchi aliyoiita Usui, yaani Rusubi, akiwa njiani kwenda Karagwe. Mtawala wa Rusubi siku zile alikuwa Suwarora, naye alimtoza hongo nyingi hata Speke akajaza kitabu chake malalamiko. Alipofika Karagwe kwa Rumanika alipokewa kwa ukarimu, akaona ng'ombe wengi, tena akawinda vifaru katika vilima vya huko. Twaona basi ya kuwa katika nchi moja walikaa watu, ng'ombe na wanyama wakubwa wa mwitu, kila mmoja na mahali pake. Watu walilima na kufyeka na kuchoma majani kwa majira. Ng'ombe walikula nyasi karibu na maboma. Wawindaji waliwazuia nyati na nguruwe wasisogee. Na ndorobo akabaki katika mapori yaliyokuwa mpaka kati ya nchi na nchi. Hatusemi ya kuwa ilikuwa Bustani ya Edeni. Vita vilikuwapo, na njaa, na biashara ya watumwa. Lakini katika habari ya mwitu watu ndio waliokuwa na nguvu, wala si mwitu.

Nguvu hiyo ilivunjwa na sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika upande wa Bahari ya Shamu karibu na mwaka 1887, ukaletwa na ng'ombe waliopelekwa kwa ajili ya majeshi ya Waitalia. Ukashuka kwa Wahabeshi, ukapita kwa Wamasai, na mwaka 1891 ukawa umekwisha kufika nchi za magharibi ya Ziwa. Mwaka 1896 ulivuka mto Zambezi. Mahali pengi katika kila ng'ombe kumi walikufa tisa. Msafiri Oscar Baumann, aliyepita Umasaini mwaka 1892 kabla ya kufika Ruvuvu na Urundi, aliandika jinsi alivyowaona watu wamekonda kama mifupa, wakiomba chakula. Nyati walikufa pamoja na ng'ombe, na pofu, na nyumbu, na ngiri. Kwa kuwa sotoka haikuwauliza wanyama kama wana mwenyewe au hawana. Ndui ikafuata, na funza wakaenea katika miaka hiyo hiyo, wakaharibu miguu ya watu hata wasiweze kulima.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikirii. Wanyama walipokufa, ndorobo naye alipungua, maana alikosa damu. Mtu angeweza kudhani ya kuwa nchi imepona. Lakini angalia yaliyofuata. Hapakuwa na ng'ombe wa kula nyasi, wala mbuzi wa kula mche, wala pongo wa kutosha, wala watu wa kutosha kufyeka. Kwa miaka kumi na zaidi miche ikapata nafasi ambayo haijapata kuipata tangu zamani. Vichaka vikajaa katika malisho na mashamba yaliyoachwa. Kisha wanyama wa mwitu wakaongezeka tena upesi, kwa sababu mnyama wa mwitu hahitaji mahari wala soko ili kuzaliana. Bali ng'ombe walirudi polepole, mmoja mmoja. Ndorobo akafuata wanyama, akakuta kichaka kizuri kuliko kile alichokiacha. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 akaanza kusonga mbele, akaingia Karagwe na nchi zilizo jirani, na ng'ombe waliokuwa wamesalia wakafa kwa nagana. Bwana John Ford, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi siku nyingi katika nchi hizi za magharibi ya Ziwa, alieleza habari hizo katika kitabu kikubwa mwaka 1971. Twaona hoja yake ina nguvu: mwitu mwingi tuuonao leo ukiitwa wa asili ni mtoto wa msiba.

Wadachi walijenga boma Biharamulo, ambalo kuta zake zingaliko. Mwaka 1916 Wabelgiji waliitwaa nchi hii katika vita, wakaishika hata mwaka 1921, kisha ikawa ya Waingereza pamoja na sehemu nyingine za Tanganyika. Bugufi, iliyokuwa na mwami wa ukoo wa Urundi, ikawekwa upande wa Tanganyika. Nayo pamoja na Bushubi ndiyo Ngara ya leo. Watu wa Bugufi walikaa kwa kusongana juu ya milima yao, migomba kwa migomba, na kwa hiyo ndorobo hakupata mahali kwao. Kusongana kwao ndiko kulikokuwa ngome yao. Lakini huko chini, katika Bushubi na Rusubi, ambako nyumba ziko mbalimbali na mwitu uko kati ya nyumba na nyumba, malale yaliingia.

Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliona malale katika sehemu nyingi za magharibi, na Biharamulo mojawapo. Shauri lao lilikuwa kuwaondoa watu waliotawanyika porini na kuwakusanya mahali pamoja, ili wafyeke na kulima kwa pamoja hata ndorobo akimbie. Watu wengi waliacha makaburi ya baba zao na mizinga yao ya nyuki. Wengi waliokoka na ugonjwa, nasi hatuwezi kukana faida hiyo. Lakini kila mtu aliyesoma kitabu cha Kutoka, sura ya 23, anakumbuka kwa nini Bwana alisema hatawafukuza wenyeji wa Kanaani mbele ya Israeli kwa mwaka mmoja: nchi isije ikawa ukiwa, na wanyama wa mwitu wakazidi. Ndivyo ilivyokuwa Biharamulo. Nchi iliyoachwa ikawa ya nyati na korongo na tembo, na mwitu ukazidi kufunga. Baadaye, serikali ilipotafuta mahali pa kuwahifadhi wanyama, ilikuta mahali palipokwisha kuachwa na watu kwa ajili ya ndorobo. Na mwaka 1959 Biharamulo likawa pori la akiba. Wengine husema ya kuwa wanyama ndio walionyang'anya watu nchi. Ukifuata mambo kwa taratibu zake, waona mdudu ndiye aliyeanza, kisha mzungu wa boma, kisha mnyama.

Siku hizo hizo wataalamu walikuwa wakiulizana kama si afadhali kuwaua wanyama wote ili ndorobo afe njaa. Mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama ya Tanganyika, Bwana Swynnerton, ndiye aliyekuwa baadaye mkuu wa uchunguzi wa ndorobo huko Shinyanga. Yeye alipendelea kukata vichaka na kuuchoma mwitu kwa mpango, akiamini ya kuwa mdudu hutegemea kivuli kama anavyotegemea damu. Alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege pamoja na Bwana Burtt, mjuzi wa mimea. Baada yake, katika miaka ya 1940, wanyama waliuawa Shinyanga kwa kujaribu. Uganda walifanya zaidi: tangu miaka hiyo hata miaka ya 1960 wawindaji wa serikali waliua makumi ya maelfu ya wanyama katika Bunyoro na Ankole, hata swala mdogo asiyefika magoti ya mtu. Na Rhodesia ya Kusini ilikuwa imeanza mapema kuliko wote.

Je, ilifaa? Kwa ndorobo, mahali pengine ilifaa. Alirudi nyuma, na ng'ombe wakaingia. Lakini baadaye wachunguzi walipima damu iliyomo katika tumbo la ndorobo, wakapata kujua ni ya mnyama gani. Wakaona ya kuwa yule ndorobo wa miyombo hupenda sana ngiri, na nyati, na pongo, lakini punda milia na nyumbu na swala pala hawataki sana. Basi wanyama maelfu waliuawa kwa kosa ambalo hawakulitenda. Sisi twaihesabu kazi ile kuwa mojawapo ya kazi za upesi kupita kiasi: bunduki ilitangulia, uchunguzi ukafuata nyuma ukihema.

Turudi kwa miti. Ushahidi ulio wazi kupita wote katika nchi yetu watoka Ziwa Manyara. Huko iko migunga mikubwa, na wachunguzi walipoihesabu miaka yake waliona ya kuwa haikuzaliwa mwaka kwa mwaka, bali kwa makundi mawili: kundi moja la mwisho wa miaka ya 1880, na kundi jingine la karibu na mwaka 1961. Kundi la kwanza lapatana na sotoka. Mwaka 1961 hapakuwa na sotoka pale, bali palikuwa na kimeta, kilichowaua swala pala wengi mno. Kisha kimeta kikaja tena mwaka 1977 na mwaka 1984, swala pala wakapungua, na miche ikaonekana tena. Maana yake, mgunga wa Manyara hungoja swala apungue kwa miaka michache tu, uchukue nafasi yake, ukue hata kupita kimo cha mdomo wa swala. Baada ya hapo swala akirudi haudhuru kitu. Msitu mzima watokana na miaka mitatu au minne ya nafasi. Wakulima wa Ngara wataelewa jambo hili bila mwalimu, kwa kuwa wao wajua mgomba hauhitaji ulinzi wa milele, wahitaji ulinzi wakati mbuzi aweza kufikia majani yake.

Lakini Serengeti ilitufundisha kinyume. Sotoka iliendelea kuua ndama wa nyumbu kila mwaka hata ng'ombe walio kandokando walipochanjwa. Dawa iliyofanya kazi hiyo ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Bwana Plowright na wenzake. Karibu na mwaka 1963 ugonjwa ukatoweka katika nyumbu. Mwaka 1961 walihesabiwa kama 250,000. Mwaka 1977 walikuwa wamepita 1,300,000. Mtu wa Manyara angesema, basi, miti imekwisha. Kumbe nyumbu walizila nyasi hata moto ukakosa kuni zake, na miche iliyokuwa ikiungua kila kiangazi ikapona. Miti ikaongezeka wakati wanyama walipoongezeka. Mwaka 2011 ulimwengu wote ulitangaziwa ya kuwa sotoka imekwisha duniani. Lakini miti ya Serengeti ilikuwa imekwisha kuipokea habari hiyo muda mrefu kabla ya magazeti.

Mambo haya mawili hayapingani kwa mtu anayekumbuka tuliyosema juu ya mdomo wa kila mnyama. Yanapingana kwa yule atakaye kanuni moja ya kushika mkononi. Uganda, katika hifadhi ya Maporomoko ya Murchison, tembo walikuwa wengi hata mwitu wao ukageuka kuwa uwanda, na kati ya mwaka 1965 na 1967 wapatao 2,000 walipigwa risasi kwa amri, mama pamoja na watoto, ili miti irudi. Miaka michache baadaye vikaja vita na utawala wa Idi Amin, na majangili wakawamaliza karibu wote waliosalia. Hata leo wataalamu hawakubaliani kama ile risasi ya kwanza ilihitajika.

Sasa tufike kwa msiba ambao vijana wetu wa makamo wameuona kwa macho. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia mauaji na vita. Hadi siku ile ilikuwa haijapata kuonekana katika Afrika kundi kubwa kama lile likivuka mpaka kwa muda mfupi kama ule. Walikaa Benaco, mahali palipoachiwa jina na kampuni ya kutengeneza barabara, kisha Lumasi na Musuhura na kambi nyingine, na Warundi wakawa Lukole na Kitali. Wenyeji wa Ngara waliwapokea; hilo liandikwe kwa heshima yao. Lakini jungu la maharagwe halipikwi kwa huruma. Lahitaji kuni, na maharagwe makavu yahitaji kuni nyingi. Kila siku kuni zaidi ya tani elfu moja zilikusanywa. Baadhi ya miti ilitiwa alama isikatwe. Hata hivyo, Wanyarwanda waliporudishwa kwao Desemba 1996, milima iliyokuwa na mwitu ilikuwa wazi kama kiganja.

Habari ya miti watu wengi waijua. Habari ya wanyama haikutangazwa sana. Posho iliyogawanywa ilikuwa mahindi, maharagwe na mafuta, nyama haikuwamo. Watu waliozoea kula nyama, wenye watoto, walio karibu na mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi, tungetazamia wafanye nini? Nyama ya porini iliingia kambini gizani, ikapikwa gizani, na watu wakaipa jina la mchicha wa usiku. Katika kambi kubwa mbili za Kagera ilikadiriwa kuliwa tani saba na nusu kila juma. Nyati wa Burigi, ambao walikuwa wamehesabiwa 2,670, walipohesabiwa baadaye walionekana 44. Kongoni hawakuonekana hata mmoja. Hatuandiki haya ili kuwalaumu wakimbizi. Wenyeji wenye bunduki na baiskeli walikuwamo katika biashara hiyo, na wale waliopanga posho pasipo kitoweo walikuwa mbali, wakila vizuri.

Basi Ngara na Biharamulo zikawa tena katika hali ya mwaka 1891: wanyama karibu wamekwisha. Je, mwitu ulirudi kama siku zile? Ulianza. Tabia ya miyombo na mininga ni kuchipua kutoka kisiki na mizizi, wala haingoji mbegu. Mti uliokatwa kwa shoka haujafa, umefupishwa. Pasipo pongo wengi wa kula machipukizi, shina hupanda upesi. Lakini safari hii palikuwa na mambo mawili yasiyokuwako baada ya sotoka. Nyati walipoondoka, nyasi zilibaki ndefu, na moto ukazikuta. Tena ng'ombe wa kigeni wakaingia katika mapori kwa maelfu, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, wengine wa Wasukuma waliokosa malisho kwao, hata serikali ikawatoa kwa nguvu mara kadhaa. Ng'ombe hula nyasi kama nyati, lakini nyati hana mchungaji wa kuwasha moto ili apate majani mabichi.

Ng'ambo ya mto Kagera, Wanyarwanda wana hifadhi ya Akagera, iliyoanzishwa mwaka 1934. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vifaru weusi walipelekwa huko kutoka Karagwe, wakaongezeka, kisha wakaisha kabisa. Baada ya mwaka 1994 sehemu kubwa ya hifadhi hiyo ilitolewa kwa watu waliorudi kutoka uhamishoni na ng'ombe wao. Iliyobaki ikazungushiwa ua mwaka 2013, wakaletwa simba mwaka 2015, na mwaka 2017 vifaru. Ua ni kitu cha gharama, nao huleta swali la Creag Meagaidh kwa sauti kubwa: wanyama waliofungiwa wakiongezeka, nani atawapunguza? Simba watasaidia. Tembo hana simba wake.

Shinyanga nako kwafaa kutazamwa, kwa sababu mfano wake ni wa wanakijiji, si wa serikali na bunduki. Huko miti ilifyekwa kwa miaka mingi kwa ajili ya kumfukuza ndorobo na kupata mashamba ya pamba, hata nchi ikawa ya vumbi. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, nao haukuanza kwa kupanda miche ya kigeni tu, bali uliwakumbusha Wasukuma desturi yao ya ngitili, yaani kufunga kipande cha malisho mwanzoni mwa masika, ng'ombe wasiingie hata kiangazi kikali. Mpango ulipoanza zilijulikana kama hekta 600 tu za ngitili. Miaka ya 2000 zilikuwa zimepita 300,000. Hawakuwaua ng'ombe, waliwapa ratiba. Migunga ikatoka yenyewe ardhini, kama ile ya Manyara ilivyotoka swala walipopungua.

Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilometa za mraba zipatazo 4,700. Ndani ya hifadhi ya taifa ng'ombe haruhusiwi, wala mwindaji, wala mkata kuni. Basi wanyama wakiongezeka, wataongezeka kwa mwendo wao, na wakifika wingi wa kutoka nje watatoka, kwa maana tembo hasomi ramani. Hapo ndipo mambo ya miti yanapokuwa mambo ya mihogo. Kanuni ambazo serikali iliziandika mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa shamba lililoliwa na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Lakini ziliweka pia ya kuwa shamba lililo ndani ya nusu kilometa kutoka mpaka wa hifadhi halilipwi kitu, na kadiri shamba lilivyo mbali ndivyo malipo yanavyozidi, tena yasipite ekari tano. Sababu yake yafahamika: asilime mtu mlangoni mwa tembo kisha adai. Walakini katika vijiji vingi vya Biharamulo na Ngara mtu hakusogea karibu na mpaka. Mpaka ndio uliomsogelea yeye, kwanza mwaka 1959, tena mwaka 2019. Mtu huyo ndiye atakayeombwa aiache miche ikue, asichome moto mwezi wa saba, na asiweke mtego wa nyaya kwa ajili ya pongo. Wazee wa vijiji wanapoitwa katika mikutano ya ujirani mwema, yafaa wafike na hesabu zao za magunia yaliyoliwa, zimeandikwa kwa tarehe, na hesabu ya umbali wa shamba kutoka jiwe la mpaka, imepimwa kwa kamba.